Pakiti tupu hazisemi nani kala

Ukiripoti kitengo cha lishe utakabidhiwa mzani, kipimo cha urefu, tepe za MUAC (za kupima mzunguko wa mkono) na daftari lenye safu nyingi kuliko muda ulio nao. Namna ya kujua kama mgonjwa uliyempa chakula dawa leo atakila kweli, hiyo hutakabidhiwa. Mimi nilitoka chuoni nakokotoa BMI (uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake) kichwani, nikiamini kwamba mgonjwa akishaandikiwa, kilichobaki ni uzito kupanda. Bibi mmoja ndiye aliyenifundisha vingine, na hadi leo namwonea haya.

Alitumwa kwangu kutoka kliniki ya kifua kikuu. Urefu sentimita 158, uzito kilo 39. BMI ikaja 15.6. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 ana upungufu, chini ya 16 ni utapiamlo mkali, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nikamwandikia pakiti tatu za chakula dawa kwa siku kwa wiki mbili, yaani pakiti 42. Kila pakiti ina gramu 92 na kalori 500, hivyo kalori 1,500 juu ya ugali wake wa nyumbani. Nikamweleza haraka haraka, akaitikia kila sentensi, akaondoka. Aliporudi uzito ulikuwa kilo 39.2.

Nikajiona mjanja. Nikampa nyingine 42 na kumwambia safari hii arudi na pakiti tupu nizihesabu. Akaja nazo zote, kazisuuza, kazipanga, kazifunga kwenye kipande cha kanga. Arobaini na mbili kamili. Mzani ukasema 38.8.

Nilimfokea. Nilimwambia anatudanganya, anapoteza dawa ambazo wenzake wanazihitaji. Hakujibu, alikuwa anakunja ile kanga. Muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima ambaye mimi na digrii yangu nilimwona wa kizamani, akavuta kiti akakaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani mko wangapi?"

Wako sita: yeye, binti yake anayeuza mboga tangu alfajiri, na wajukuu wanne.

"Na hiki chakula wajukuu wanakipenda?"

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Kinanukia karanga, mwanangu. Nikigusa pakiti tu wanapanga mstari."

Hakuwa amedanganya hata kidogo. Niliomba pakiti tupu, akaniletea pakiti tupu. Sikuwa nimeuliza nani kala. Na hebu mwambie bibi gani afungue kitu chenye maziwa ya unga, karanga, sukari na mafuta, akile peke yake huku watoto wanne wanamtazama mdomoni. Mimi nisingeweza, wewe pia usingeweza.

Tulimwomba aje na wajukuu. Wa mwisho, mwenye miaka miwili na kitu, mkono wake ulipima sentimita 11.2, na chini ya 11.5 tepe inasoma nyekundu. Kwa hiyo bibi alikuwa anamtibu mjukuu wake bila sisi kujua, tena kwa gharama ya mwili wake mwenyewe. Mtoto akafunguliwa kadi yake na kupewa za kwake kwa uzito wake. Kwa wale wakubwa tulikubaliana na binti: uji wao uwe tayari saa 4 asubuhi, muda ambao bibi anakula pakiti ya kwanza. Sitasema aliacha kabisa kuwagawia, ila kilo zikaanza kuja, nusu nusu.

Tangu siku hiyo, mtu mzima akikaa mbele yangu namuuliza watoto wa nyumbani kwake kabla sijaandika idadi ya pakiti. Kama wapo wa chini ya miaka mitano, nataka niione mikono yao.

Jambo la pili ni namna ya kuuliza. Swali "unakula?" litupe. Mgonjwa atakujibu "nakula, daktari" (utaitwa daktari hata ukikanusha) kwa sababu wewe ni mtu wa serikali, umevaa koti jeupe na umemkaribisha vizuri. Hiyo ni ndiyo ya heshima. Uliza hivi: "Jana ulipoamka ulianza kutia nini mdomoni?" Halafu, "Pakiti ya mwisho ulifungua saa ngapi, ulikuwa umekaa wapi?" Mtu aliyekula atakuelezea mkeka, kijiko na jirani aliyepita. Asiyekula ataanza kuangalia dirisha. Hapo usimkamate kama polisi. Mwambie wengi hawamalizi, umuulize yeye kilichomshinda. Na hilo la wengi si la kumfariji tu: mapitio ya mwaka 2012 yaliyounganisha tafiti 46 za virutubisho vya kunywa yalikuta wagonjwa wanatumia wastani wa asilimia 78 ya walichoandikiwa. Wa majumbani walifika 81, waliolazwa 67. Mapitio yale yale yalionyesha kwamba kinywaji chenye nishati nyingi ndani ya ujazo mdogo kinamalizwa zaidi. Mgonjwa akishindwa chupa kubwa, usimwongezee maneno, mpunguzie ujazo.

Halafu mdomo. Tembea na tochi. Nimeshaona mgonjwa anaandikwa "hana ushirikiano" kwenye faili wiki nzima, kumbe ulimi una utando mweupe wa fangasi na koo linamuwaka. Huyo hahitaji mhadhara, anahitaji dawa ya fangasi kwanza. Mwingine anasema chakula kinakwama kifuani, ugali ulianza kumshinda miezi miwili iliyopita, sasa hata ndizi hazipiti. Huyo usimpe pakiti nene umwage machozi baadaye. Mpeleke kwa daktari leo leo, kwa sababu saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, katika ukanda wetu si ugonjwa wa vitabuni, na wakati huo lishe yake iwe ya kunywa.

Tena, onja mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu maafisa lishe wengi wamegawa maelfu ya pakiti na hawajawahi kumaliza hata moja. Nilimaliza moja siku nilipokuwa na mafua. Dakika 25. Ni tamu kupita kiasi, inaganda kwenye kaakaa, na ukifika nusu unatamani maji kuliko kitu chochote. Maji yenyewe hayamo ndani, ndiyo maana haiozi hata bila friji, na ndiyo maana mgonjwa lazima awe na kikombe cha maji safi ya kunywa pembeni. Sasa mbele ya mgonjwa nafanya hivi: naikanda pakiti kati ya viganja mpaka mafuta yaliyojitenga yarudi ndani, nakata kona ndogo, nasukuma kidogo kwenye ncha ya kijiko, nampa. Anakula palepale tukiongea mengine. Akifika kijiko cha nne bila kukunja uso, namwandikia. Akikunja, tunazungumza. Ikibaki, kona inakunjwa na kubanwa, inaliwa baadaye siku hiyo hiyo. Wapo wanaoiweka kwenye uji. Sawa, ila iwe kwenye uji ulioshuka jikoni na kupoa kidogo, kiasi cha kuliwa hapo hapo. Kuichemsha ni kuua vitamini.

Muda gani? Katikati ya milo. Ukimwambia ale asubuhi, mchana na jioni, ataiweka mahali pa chai, pa ugali na pa wali, na kalori ulizodhani umeongeza utakuwa umezibadilisha tu. Saa 4 asubuhi, saa 10 alasiri, na kabla ya kulala, hizo ndizo saa zangu. Ukifanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja, mwezi wa Ramadhani utazipangua. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na anaijua kuliko wewe, ila wapo watakaofunga. Usibishane naye. Mrudishe kwa daktari wake kwa habari ya dawa, halafu pangeni pakiti: baada ya futari, baada ya tarawehe, na daku. Usipopanga naye, atapanga peke yake na hatakuambia.

Wodini mambo ni mengine. Kikombe cha kinywaji cha lishe kinawekwa juu ya kabati saa 3 asubuhi, saa 8 mchana bado kipo na nzi wawili. Shemeji anayeuguza anakuambia "amekunywa kidogo." Kwangu kilichosaidia ni kuacha kukihesabu kama chakula. Mwombe daktari akiandike kwenye karatasi ya dawa. Muuguzi anapopita na vidonge anampa mililita 60 badala ya maji, mara nne kwa siku, na anatia sahihi. Kama ni kinywaji kizito cha kalori 2 kwa mililita, hizo ni kalori 480 zilizoingia bila ugomvi. Anywe taratibu, kwa funda. Ukimnywesha kikombe kizima kwa mkupuo akaharisha, hatakigusa tena hata umsomee dua.

Aibu nayo ipo, ingawa haina safu kwenye daftari. Kuna mitaa ambako ile pakiti inajulikana kuwa ni "ya wale wa CTC", yaani kliniki ya wenye VVU. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa anakula zake chooni. Anasimama mlangoni, anafinya, anameza, anatoka. Nilimuuliza kwa nini asile kazini. Akasema kijiweni wangemsoma. Tukakubaliana azitoe kwenye pakiti nyumbani kila asubuhi, aweke kwenye kikopo cha siagi ya karanga, apake mkate pale kijiweni mbele ya wote. Baadaye akalalamika kwamba wenzake wanamwomba, basi tukarudi kule kule kwa bibi.

Na kuna siku utafungua stoo ukute maboksi yameisha. Itatokea. Usimrudishe mtu na "njoo wiki ijayo" tupu. Mfundishe kuongezea kile kile anachokula: kijiko kikubwa cha mafuta kwenye uji kina kalori zipatazo 120, karanga zilizosagwa, yai, maziwa, dagaa waliosagwa, parachichi likiwa msimu. Karanga zichambuliwe, zenye ukungu zitupwe, maana mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kuhusu ule unga wa lishe wa nafaka saba, na soya mbichi ndani, na maharage, nina ugomvi nao wa muda mrefu. Mahindi na karanga vizuri vinatosha.

Jumatatu ukianza, weka kiti cha pili upande wako wa meza, si ng'ambo. Bibi huwa hasemi yenye maana akiwa ng'ambo ya meza.