Maswali na majibu: Ufunguo wa nani?

Barua za mwezi huu zinahusu ndugu zetu walioko Uingereza wenye watu wazima wa ulemavu wa kujifunza, na makazi ambayo kaunsili, yaani serikali ya mtaa, huwapangia. Karibu zote zinaanza na "mtoto wangu". Ukifika mstari wa tatu, mtoto ana miaka 31 na ndevu. Aliyeandika "taahira wetu" asitafute jibu lake hapa.

Binti yetu ana miaka 29. Tunataka kaunsili impatie nyumba. Tuanzie wapi? (Mama, Leicester)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Mama, omba tathmini ya mahitaji, kwa maandishi. Ni haki yake chini ya kifungu cha 9 cha Sheria ya Matunzo ya 2014, na hawawezi kumnyima eti kasma imeisha. Kifungu cha 10 kinakupa wewe mlezi tathmini yako. Sasa nakuomba jambo moja: ofisa wa ustawi akija, usimpikie biriani ukamwambia "tunajiweza, alhamdulillahi". Ataandika hivyo hivyo. Mwambie unaamka mara ngapi usiku, na nani anamwogesha.

Wala usingoje uzeeke. Mlezi akipata kiharusi Ijumaa, Jumatatu mwanawe huwekwa popote penye nafasi.

Tumeambiwa kijana atapata "makazi ya usaidizi", si kea homu. Si majina tu hayo? (Baba, Reading)

Si majina, mzee wangu. Kea homu, chumba na matunzo ni furushi moja: anayekulisha ndiye anayekulaza. Makazi ya usaidizi ni mafurushi mawili. La kwanza ni mkataba wa upangaji kwa jina la kijana mwenyewe, na kodi mara nyingi hulipwa na posho ya nyumba. La pili ni wahudumu, ambao kaunsili inawalipa kwa mapatano mengine kabisa. Mkigombana na wahudumu, wanaopaswa kufungasha ni wao. Yeye anabaki kwake.

Ndivyo inavyotakiwa. Lakini kuna kampuni zenye mkono mmoja kwenye kodi na mwingine kwenye huduma, zinatumia majina mawili na ofisi moja. Uliza mwenye nyumba ni nani, mtoa huduma ni nani, na huduma ikibadilishwa mkataba wa nyumba unakuwaje. Jibu la mdomo usilikubali. Ujue pia kwamba CQC, tume ya kukagua huduma za matunzo, kwenye makazi ya usaidizi inasajili huduma ya mwili tu, nyumba si kazi yake. Bomba likivuja, mtafute mwenye nyumba.

Kuhusu pesa: kea homu, sehemu kubwa ya posho zake inakwenda kwenye gharama, anabakiwa na pauni 30 na ushee kwa wiki. Kwake mwenyewe anabakiwa na zaidi, ila umeme, chakula na sabuni ni juu yake.

Nilifanya zamu za usiku miaka kadhaa kwenye nyumba ya namna hii. Mpangaji mmoja, mtu wa maneno machache, alikuwa akiutoa ufunguo wake mfukoni, anautazama, anaurudisha, kutwa nzima. Akaja meneja mpya, akazikusanya funguo zote akazitundika ofisini, "kwa usalama". Yule bwana akawa anasimama mlangoni pa ofisi, mkono ndani ya mfuko mtupu. Ilituchukua wiki tatu na barua mbili kumrudishia kitu chake.

Kaunsili imetuonyesha nafasi moja tu, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Tukikataa tutaondolewa kwenye orodha? (Shangazi, London)

Kwanza, yeye amesemaje? Barua ina kurasa mbili na sioni popote kwamba aliulizwa.

Kanuni zinamruhusu kuchagua mahali pengine iwapo panafaa mahitaji yake, pana nafasi, mtoa huduma amekubali masharti, na gharama haizidi kiasi kilichotengwa kwa ajili yake. Hata eneo la kaunsili ya jirani linahesabika. Mkipata mahali, pelekeni jina na anwani. Malalamiko matupu hayasogezi kitu. Na jihadharini: kaunsili ikimhamishia eneo jingine, kwa kawaida inabaki kuwajibika. Mkimhamisha wenyewe kwa hasira, mzigo unaweza kuangukia kaunsili nyingine, nazo zitarushiana faili.

Umbali nauogopa. Hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol ilifichuliwa na kamera ya BBC mwaka 2011 ikitesa wagonjwa wenye ulemavu wa kujifunza, na wahudumu 11 wakahukumiwa mwaka uliofuata. Baadhi ya waliolazwa pale walikuwa mbali na kwao. Chagueni mahali ambapo shangazi anaweza kupita bila miadi, na chapati mkononi.

Tumemwekea akiba ya pauni 26,000 kwa jina lake. Itaguswa? (Baba, Birmingham)

Ndiyo. Uingereza yenyewe (England), ukizidi pauni 23,250 unaweza kutozwa gharama yote. Na usizihamishie kwa ami yake usiku huu, kaunsili huuliza pesa zilikokwenda. Muone wakili wa wosia.

Mdogo wangu yuko Glasgow. Haya yanamhusu?

Hapana. Scotland ina sheria zake, na Wales pia.

Sisi ndio tuliomzaa. Kwa nini hatuwezi kumsainia mkataba? (Wazazi, Slough)

Kwa sababu ana miaka 33. Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 inaanza na dhana kwamba mtu mzima anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, tena kwa uamuzi huo mmoja. Kushindwa kuhesabu chenji si kushindwa kuchagua anakotaka kulala. Ikithibitika haelewi mkataba, anayesaini ni aliyeruhusiwa na Mahakama ya Ulinzi. Barua ya kusimamia posho zake haitoshi. Kama hana wa kumsemea, kaunsili impe mtetezi huru.

Kaka yetu anasema wahudumu wanamfungia chumbani usiku kwa nje. Tungoje kikao cha mwezi ujao?

Msingoje. Kumfungia hivyo katika nyumba yake kunahitaji idhini ya mahakama. Ulizeni karatasi, na leo hii pigieni simu kitengo cha ulinzi wa watu wazima cha kaunsili. Ofisi ikiwa imefungwa, kuna namba ya dharura ya usiku kwenye tovuti yao. Kama amefungiwa wakati mnasoma hapa, pigeni 999.