Hamsta anayeng'ata si mkali, anaogopa

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba hamsta wake, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, kamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, na sasa anataka kumgawa. Nilimjibu kwa kifupi: usimgawe kwanza. Hapa namjibu kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Wangu nilipewa na mtu aliyemchoka. Nilikabidhiwa kizimba pamoja na onyo: "Huyu mkali, usimguse bila glavu." Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, kwa sababu nilipochungulia ndani nilikuta kiumbe kimejibanza pembeni, masikio yamelala nyuma, kinatetemeka. Ukali uko wapi hapo? Kizimba kilikuwa kidogo mno, na watoto walizoea kumtoa mchana akiwa usingizini.

Jamani, hamsta ni mnyama wa usiku. Macho yake ni dhaifu, anategemea pua. Porini ni mawindo ya ndege, kwa hiyo mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni mwewe. Umkurupushe saa nane mchana, umnyakue kwa juu, halafu ushangae ameng'ata?

Mimi kwanza nilimwacha atulie. Nilimpa chakula na maji, nikazungumza naye kwa sauti ya chini, basi. Nikamwekea kipande cha tishu nilichokuwa nimekishikashika, akakivutia kwenye kiota chake, akaanza kuizoea harufu yangu. Baadaye, jioni akishaamka, nikawa nalaza kiganja juu ya maranda na mbegu ya alizeti katikati. Alikuja amejinyoosha, miguu ya nyuma imebaki mbali tayari kukimbia, masharubu yakanitekenya. Akaichukua mbegu, akaisokomeza shavuni, huyoo! Yaliyofuata yalikuwa kurudia yale yale kila jioni. Leo anapanda mwenyewe kiganjani, na aliyenipa alipomwona hakuamini macho yake. Najivunia, sifichi.

Kwa hiyo osha mikono kabla ya kumshika. Kidole kinachonukia chakula kitaonjwa tu. Usimwamshe. Peleka mkono kwa chini, taratibu, auone na aunuse. Akilala chali akionyesha meno, au akipiga kelele, hajawa tayari, ondoa mkono polepole. Na narudia, usimwamshe! Wengi mnalipuuza hili kwa sababu mchana ndio mna nafasi ninyi. Ukimtaka mnyama wa usiku, mfuate kwa saa zake.

Akikung'ata, usimkung'ute kwa nguvu, maana akianguka huvunjika mifupa kirahisi. Usimpige wala kumpulizia usoni, utamthibitishia kwamba mkono ni adui. Mshushe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Likivimba au kuwa jekundu, nenda kwa daktari.

Hamsta wa aina iitwayo ya Syria akishakomaa lazima aishi peke yake. Wakiwa wawili watapigana, hata mpaka kuuana, na anayeingiza mkono kuwaamua ndiye atakayetoka na damu. Mama mwenye vichanga naye usimshike.

Kama wako alikuwa mpole siku zote na leo ameanza kung'ata, acha habari za mbegu na tishu. Huenda ana maumivu: meno yake ya mbele hayaachi kukua, yakirefuka kupita kiasi humchoma, na vifuko vya mashavu huweza kufanya jipu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama amwangalie mdomo.