Trish Stratus na ule mkanda

SWALI: Shikamoo mjomba. Mwenzangu pale kibanda cha video anashikilia kwamba Trish Stratus, yule mwanamieleka wa kike, alipewa mkanda wa ubingwa kwa sura tu. Ni kweli? – Mpenda Mieleka, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako amekosea, japo mwanzoni angekuwa na hoja. Trish, Mkanada, alikuwa akisoma biolojia Chuo Kikuu cha York, Toronto. Mwaka 1997 kukawa na mgomo chuoni, akaingia kazi ya mapokezi kwenye jimu. Huko ndiko jarida la mazoezi lilikomwona na kumpiga picha. WWF, kampuni ya mieleka ambayo sasa ni WWE, ikamsajili 1999. Alipotokea mwaka uliofuata alikuwa wa kusindikiza wanaume tu, mieleka yenyewe bado mbichi.

Lakini Desemba 2004, yeye na mpinzani wake Lita walipewa pambano kuu la kufunga Raw, kipindi cha mieleka cha kila wiki kwenye TV, nafasi iliyozoeleka kuwa ya wanaume. Lita alichupa kupitia kamba akatua kwa shingo. Mimi nilisimama juu ya mkeka, chai ikamwagika! Septemba 2006 Trish akaaga ulingo kwao Toronto: alimkunja Lita miguu kwa mtindo wa mwanamieleka Bret Hart, Mkanada mwenzake, mpaka akasalimu amri. Mkanda wake wa 7 wa ubingwa huo. Kamuulize mwenzako, sura inakunja miguu?