Ushuru wa Kilindini huenda wapi?

SWALI: Mimi ni wakala wa forodha, naishi Likoni. Kila wiki nawalipia wateja ushuru wa magari, pesa nyingi kwelikweli, kisha natoka bandarini Kilindini nakutana na foleni ya feri. Mbona zisitumike hapa Mombasa kwanza?

JIBU: Ndugu yangu, itazame tena ile ankara ya mteja wako. Ada za Mamlaka ya Bandari za kushughulikia na kuweka mizigo si ushuru, ni malipo ya huduma. Ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa bidhaa ndio unaokwenda Nairobi, maana Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti imepewa kodi za ardhi na majengo, na za burudani.

Pesa hizo huingia Mfuko wa Pamoja wa Serikali, na zikishaingia, shilingi ya Kilindini haitofautiki na aliyokatwa mwalimu wa Turkana kwenye mshahara. Wa kwanza kuchota humo si shule wala hospitali. Deni la taifa hulipwa moja kwa moja, na vivyo hivyo pensheni na mishahara ya majaji. Hapa ndipo ningetamani watu wapige kelele zaidi: wabunge wanaweza kupunguza fungu la dawa au barabara, lakini riba ya mkopo uliokwisha kuchukuliwa haina wa kuipunguza. Mkopo hupingwa unapoombwa.

Kaunti zote 47 kwa jumla hupata si chini ya asilimia 15, tena ya mapato ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, si ya makusanyo ya mwaka huu. Mwaka wa fedha wa 2023/24 zilitengewa shilingi bilioni 385.4. Zinagawanywa kwa fomula inayopitishwa na Seneti, yenye mambo kama idadi ya watu na umaskini. Kuwa na bandari hakuongezi kitu.

Tozo chache tu ndizo zenye kazi maalumu. Ile ya reli iliyo kwenye hati zako ilianzishwa 2013 kwa ajili ya reli ya kisasa, SGR. Ya matengenezo ya barabara, shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli tangu Julai 2024, unailipa ukijaza tangi.

Kuhusu feri, gavana umwache. Iko chini ya Mamlaka ya Bandari, shirika la kitaifa, kwa hiyo mbane mbunge wako. Gavana muulize takataka na maji.