Bastola mpya: ikague kwanza, ndipo uisafishe

Swali: Mimi ni mfanyabiashara, mkazi wa Tanga. Baada ya kukamilisha taratibu zote za leseni, nimenunua bastola mpya aina ya Glock 19. Nilipofungua boksi niliona mafuta mazito ya rangi ya shaba upande wa ndani wa chuma cha juu, na mdomo wa mtutu una weusi kana kwamba silaha imekwisha kutumika. Jirani yangu, aliyepata kuwa askari, ananishauri niioshe yote kwa petroli kisha niichovye kwenye mafuta. Je, nifanye hivyo? Na nitajuaje kwamba nilichouziwa ni kizima?

Jibu: Ndugu msomaji, usiioshe kwa petroli, na usiichovye kwenye mafuta. Weusi ulioona hauna maana kwamba umeuziwa mtumba, kwa kuwa kila bastola ya aina hiyo hufyatuliwa kiwandani kwa majaribio kabla ya kufungwa kwenye boksi, na masizi ya baruti hubaki. Nayo yale mafuta ya rangi ya shaba yamepakwa na kiwanda kwa makusudi ili kulainisha msuguano katika kipindi cha mwanzo cha matumizi, na mwongozo wa mtengenezaji unaelekeza yaachwe mahali pake. Petroli ingeyaondoa yote, ingeacha chuma kitupu katika hewa ya chumvi ya Tanga, na mvuke wake ndani ya chumba ni hatari ya moto kwako na kwa familia yako.

Kabla ya kitambaa na brashi, hata hivyo, kuna jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili. Chukulia kwamba bastola ina risasi, hata kama muuzaji ameapa mbele yako kwamba ni tupu. Ielekeze upande ambao risasi ikitoka haitamdhuru mtu, ukikumbuka kwamba ukuta wa matofali ya kawaida si kinga ya kutegemea, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Baada ya hapo ndipo ukoki, yaani uvute nyuma slaidi, kile chuma kirefu cha juu, uizuie ibaki wazi, kisha utazame ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, na kuipapasa kwa ncha ya kidole kidogo. Mpangilio huo haupaswi kugeuzwa. Mtu anayekoki kwanza na kutoa magazini baadaye hutoa risasi moja kutoka kwenye chemba na papo hapo kuingiza nyingine kutoka kwenye magazini. Kisha huchomoa magazini, huiona mkononi mwake, na huamini kwamba amemaliza kazi ilhali risasi iko tayari mbele ya pini inayoipiga. Ajali za watu wanaosafisha silaha nyumbani zinaweza kuanzia hapo. Risasi zote zipelekwe chumba kingine, watoto wasiwepo, na simu uiweke mbali.

Sasa anza ukaguzi kwa namba. Glock hupigwa chapa ya namba ya utambulisho mahali patatu: kwenye mtutu, kwenye slaidi, na kwenye kibati kidogo cha chuma kilichozamishwa chini ya fremu, yaani mwili wa plastiki wenye mpini, mbele ya kifyatulio. Zote tatu zifanane, na zifanane pia na namba iliyoandikwa kwenye leseni yako. Ukikuta tarakimu moja imetofautiana, au mahali pamekwanguliwa, usiendelee na lolote. Irudishe kwa muuzaji na utoe taarifa kwa mamlaka iliyokupa leseni, kwa sababu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 unamiliki silaha ile tu iliyotajwa kwenye kibali chako.

Ufunguaji wa Glock una hatua moja inayohitaji hadhari kuliko nyingine zote: slaidi haitoki mpaka kifyatulio kiwe kimevutwa. Ndiyo maana nimesisitiza chemba, na ndiyo maana nakushauri uikague tena hapa, sekunde chache baada ya kuikagua mara ya kwanza. Ukisharidhika, acha slaidi irudi mbele, elekeza mtutu mahali salama, vuta kifyatulio hadi usikie mlio mkavu. Kisha shika bastola kwa vidole vinne juu ya slaidi na dole gumba nyuma ya mpini, vuta slaidi nyuma kidogo sana, takriban milimita 3, na kwa mkono mwingine shusha vile vishikizo viwili vidogo vilivyo pande zote za fremu juu ya kifyatulio, halafu sukuma slaidi mbele itoke. Ukiivuta mno, kifyatulio kitarudi mahali pake na itakubidi uanze upya. Springi ya chini ya mtutu imebanwa, hivyo ielekeze mbali na macho unapoitoa. Utabaki na vipande vinne: fremu, slaidi, mtutu na springi pamoja na fimbo yake. Usiende zaidi ya hapo. Pini ya kupigia na vifaa vya kifyatulio ni kazi ya fundi mwenye idhini.

Hapa ndipo ukaguzi wenyewe unapokuwa na maana. Panguza mtutu kwa kitambaa kikavu, uuelekeze kwenye mwanga wa dirisha, na utazame toka upande wa chemba. Wanunuzi wengi hushtuka wanapoona mifereji ya ndani haina kingo kali kama ya bunduki walizozizoea, wakadhani mtutu umelika. Haujalika: mtutu wa Glock umeundwa kwa pembe zilizolainishwa, na kwa sababu hiyo hiyo mtengenezaji hashauri kutumia risasi ambazo kichwa chake ni madini ya risasi yasiyovikwa shaba. Unachotafuta ni uvimbe, mkwaruzo unaokatiza mifereji, alama ya kutu, au nyufa kwenye ukingo wa chemba. Mtutu wa bastola ya milimita 9 hukabiliana na shinikizo linaloweza kufika bar 2,350, na ufa mwembamba kama unywele si jambo la kusema utaliangalia baadaye. Kwenye slaidi, tazama kulabu ndogo inayochomoa ganda lililotumika. Iwe na ncha kamili, isiyomeguka. Kwenye fremu, tazama vile vipande vinne vya reli ya chuma vilivyojitokeza kwenye plastiki: vyote viwe vimenyooka na viko katika usawa mmoja.

Usafishaji wenyewe ni mwepesi. Fungua madirisha, vaa glavu, kwa sababu masizi ya fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti ya risasi, huwa na madini ya risasi yanayodhuru mwili. Tumia kiowevu maalumu cha kusafishia silaha, brashi ya shaba au ya nailoni yenye kipenyo cha milimita 9, na vipande vya pamba. Pitisha brashi kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, mara kadhaa, kisha vitambaa hadi kimoja kitoke bila weusi. Uso wa ndani wa slaidi, mahali kitako cha risasi kinapoegemea, isafishe kwa mswaki wa zamani huku ukiinamisha slaidi ili kiowevu kisichuruzike kwenye tundu la pini. Yale mafuta ya shaba yaache.

Katika kupaka mafuta ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Glock huhitaji mafuta machache sana. Pitisha kitambaa chenye unyevu wa mafuta ya silaha juu ya mtutu, tia tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi, na tone moja mahali ambapo ncha ya nyuma ya mkono wa kifyatulio hukutana na kibati cha upande wa kulia wa fremu. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa kuwa likisahaulika kifyatulio huanza kukwama. Tundu la pini, ndani ya mtutu unapotaka kufyatua, na ndani ya magazini pabaki pakavu. Mafuta yanayozidi hukusanya vumbi, na yakipenya hadi kwenye fataki, risasi inaweza isilipuke siku unapoihitaji. Mafuta ya kupikia yasiguse silaha kabisa. Baada ya wiki chache huganda na kunata.

Ukishaunga vipande, usitie risasi, jaribu kwanza. Koki, kisha sukuma kingo za kifyatulio bila kugusa kile kiulimi cha katikati: kisirudi nyuma. Kisha, mtutu ukiwa mahali salama, kivute kikamilifu ukishikilie, koki huku umekishikilia, halafu kiachie taratibu hadi usikie mlio mdogo wa kurudi mahali pake, na ukivute tena. Mwishowe tia magazini tupu na uvute slaidi. Inapaswa kusimama ikiwa wazi. Jaribio lolote kati ya hayo likishindikana, bastola iende kwa fundi, na dhamana yako bado ni mpya.

Kuhusu Tanga: slaidi na mtutu wa Glock vimetibiwa kwa namna inayostahimili kutu vizuri, lakini springi na vifaa vidogo havina kinga ya kiwango hicho. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma. Iweke kwenye sefu pamoja na vile vipakti vya chembechembe za kunyonya unyevu, na uvibadilishe vinapolowa. Kila mwezi itoe, hata kama hujafyatua risasi moja, uihakikishe kuwa tupu kwa mpangilio ule ule, na uipanguze kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Jasho la viganja lina chumvi kama upepo wa bahari, hivyo panguza pia kila mahali mkono ulipogusa kabla ya kufunga sefu.