Kwa nini nyota yako imetoa 0.01

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini programu yako, yenye mtandao wa nyota wa nodi 100 (kitovu kimoja kilichounganishwa na ncha 99) na mutanti mmoja, yaani kiumbe kilichobadilika, mwenye r = 1.1 (kasi yake ya kuzaa, wengine wakiwa na 1), inatoa 0.01 kama uwezekano wa mutanti huyo kutwaa kundi zima, ilhali makala ya Lieberman, Hauert na Nowak ya 2005 imekufanya utarajie 0.17. Makala iko sawa, na huenda msimbo wako pia hauna kosa. Mnahesabu michakato miwili tofauti.

Katika mchakato wa Moran, kila hatua mmoja huzaa na mtoto wake huchukua nafasi ya mwingine; ikiwa kila mmoja ni jirani wa wote, uwezekano ni (1 − 1/r) ÷ (1 − 1/r^N), N ikiwa idadi ya nodi. Kwako hiyo ni 0.091. Kwenye nyota kubwa r² inakaa mahali pa r, nawe unapata 0.174. Sababu ni kwamba ncha haina jirani ila kitovu. Mutanti wa nchani hushindana na ncha nyingine kukitwaa kitovu, na r humsaidia. Kisha akiwa kitovuni lazima azae kabla hajaondolewa, na r humsaidia tena.

Ila hayo hutokea tu ukichagua kwanza mzazi kwa uzito wa r, ndipo mtoto achukue nafasi ya jirani. Nadhani wewe umeanza na kifo, yaani umechagua kwanza nani afe, kisha majirani wakashindania nafasi yake. Ukifanya hivyo, kitovu hufa mara 1 katika hatua 100, ncha mara 99, na kila ncha inayokufa hujazwa na aliye kitovuni. Aliyekuwa pale ana nafasi kubwa ya kushinda, awe hodari au dhaifu. Nguvu ya r karibu inapotea, na jibu hurudi karibu na 1/N.

Geuza mpangilio. Ukiona sasa kama 0.004, tazama unamweka wapi mutanti. Akizaliwa wakati wa uzazi, karibu kila mara huangukia kitovuni, na kitovu hufutwa na ncha upesi mno. Kupata 0.17 lazima umtupe kwa usawa katika nodi zote.

Jaribu pia r = 1: ukimtupa kwa usawa, mpangilio wowote lazima utoe 1/N. Jaribio hili hunasa makosa ya msimbo, lakini halitakuambia umeanza na kifo au uzazi.

Usiweke kikomo kifupi cha hatua. Kitovu huzaa takriban mara moja tu katika hatua 100, kwa hiyo nyota ni ya polepole sana, na ukihesabu mbio (majaribio ya programu) zilizokatwa kuwa kushindwa utapunguza jibu. Mbio 200 hazitoshi: kosa sanifu, yaani kiasi ambacho jibu huyumba kwa bahati tu, ni 0.027. Kwa mbio 10,000 linashuka hadi 0.004, na hapo 0.17 na 0.09 zinatofautishwa bila shaka.

Nitumie matokeo mapya pamoja na kipande cha msimbo kinachochagua mzazi.

Mama yako