Jibu: Kalamu inatoka nene upande mmoja

Ndugu, unasema umeanza kukereza kalamu za mpingo kwa mashine ndogo ya bei nafuu, na mbao inabaki nene upande mmoja. Usibadilishe mashine kwanza. Mara nyingi tatizo ni ule ufito wa chuma unaobeba vipande vya mbao: ukikaza sana nati yake au kichwa cha nyuma (sehemu ya mashine inayoshikilia mwisho wa ufito), ufito unapinda katikati. Kaza nati kwa vidole tu, kisha sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha yake iguse na kuzunguka pamoja na ufito, basi.

Angalia pia ncha za kipande. Zisipokuwa nyuzi 90 na kibomba cha shaba kinachogundishwa ndani ya kipande, bushi (pete za chuma zinazokaa kwenye ufito kila upande wa kipande) zinausukuma ufito pembeni. Zisawazishe gundi ikishakauka, na uache mara tu shaba inapoanza kung'aa.

Mpingo toboa taratibu kwa biti kali ya mm 7, ukiitoa mara kwa mara kumwaga unga. Ukilazimisha, joto linapasua mbao, na ufa unaweza kujitokeza kesho yake! Kibomba kipige msasa kabla ya gundi. Tumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), kwa sababu supaglu hushika kibomba kikiwa bado nusu njia.